Kufumbua, Kufichua, Kufukua: Namna Hadithi Inavyoishi Ndani ya Michezo ya Mahandaki

Kiswahili kina vitenzi ambavyo irabu moja tu hugeuza tendo likawa kinyume chake: kilichofumbwa hufumbuliwa, kilichofichwa hufichuliwa, na kilichofukiwa hufukuliwa. Jozi hizo tatu zinaeleza vizuri kinachoendelea ndani ya aina moja kongwe ya michezo ya kompyuta, ile ambayo mchezaji huongoza mhusika mmoja au kikosi kidogo kushuka katika mahandaki ya giza, akipita korido baada ya korido, akipambana na mazimwi, akifungua milango na kukusanya silaha na hazina. Wengi wanaoicheza, na hata baadhi ya wanaoiunda, huzungumzia mafumbo, siri na hadithi zake kana kwamba ni mapambo matatu yaliyobandikwa juu ya mapigano. Kwa maoni yangu ni njia tatu za kugawa kitu kimoja, nacho ni ujuzi kuhusu mahali. Fumbo hujitangaza: mlango umefungwa mbele yako, nawe unajua kwamba kuna jibu. Siri haijitangazi kabisa, na mchezaji anaweza kuumaliza mchezo bila kujua kwamba aliipita hatua mbili tu kutoka ilipo. Hadithi nayo, katika michezo hii, mara chache husimuliwa moja kwa moja. Hufukiwa, na mchezaji ndiye mwenye jembe.

Ili kuelewa kwa nini mambo yalikwenda hivyo, ni lazima kuanzia mezani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi, kalamu, kete na mazungumzo, ambamo mtu mmoja huandaa handaki na kulificha machoni pa wenzake, nao hulichunguza kwa kumwuliza maswali na kumweleza wanachofanya. Mwaka uliofuata, watumiaji wa mfumo wa kompyuta wa PLATO, ulioasisiwa katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, walikuwa tayari wameandika programu za kwanza za kuuiga. Katika uhamisho huo kulipotea jambo moja kubwa, yaani yule mtu aliyelijua handaki. Mezani aliweza kuona kwamba wachezaji wamekwama akawaongezea dokezo, au kusikia mmoja wao akiuliza swali zuri kuhusu mnara wa mbali akaamua papo hapo kwamba mnara ule una historia. Kompyuta haikuweza hayo. Kila dokezo ilibidi liwekwe mapema, ndani ya jengo lenyewe, likisubiri macho ambayo msanifu hatayaona kamwe. Karibu kila ufundi nitakaoueleza hapa ulizaliwa na haja ya kuziba pengo hilo.

Katika michezo ya mwanzo, mahali penyewe ndipo palipokuwa fumbo. Will Crowther, mwanaprogramu aliyekuwa pia mpenzi wa kuzuru mapango, aliandika katikati ya miaka ya 1970 mchezo wa maandishi matupu unaojulikana kama Colossal Cave Adventure, akiuegemeza kwenye sehemu ya mfumo wa mapango wa Mammoth Cave huko Kentucky aliyowahi kuichora ramani yeye mwenyewe. Mwaka 1977 Don Woods aliupanua. Humo mlikuwa na eneo la vijia ambavyo kompyuta ilivieleza vyote kwa sentensi ileile, neno kwa neno, hata mchezaji hakuweza kujua kama amesonga mbele au amezunguka akarudi alipoanzia. Ufumbuzi wake ni wa kupendeza kwa wepesi wake: dondosha kitu kimoja katika kila chumba, funguo hapa, fimbo kule, na vyumba vilivyofanana vinaacha kufanana. Hakuna aliyemwambia mchezaji afanye hivyo. Vitu alivyovikusanya kama hazina viligeuka kuwa alama za njia, na hapo akajifunza jambo ambalo aina nzima ya michezo hii imeendelea kulifundisha, kwamba kitu kinaweza kuwa na kazi nyingine zaidi ya ile kilichoonekana kuwa nayo.

Wizardry, iliyotungwa na Andrew Greenberg na Robert Woodhead na kutolewa mwaka 1981 kwa kompyuta za Apple II, iliupeleka mkazo huo kwenye ramani. Handaki lake lina matabaka 10, kila tabaka likiwa na miraba 20 kwa 20, na mchezaji alitarajiwa kulichora mwenyewe kwa penseli kwenye karatasi ya miraba. Watunzi walijua kwamba ramani ndiyo silaha yake kuu, kwa hiyo waliishambulia ramani yenyewe. Kuna miraba inayokugeuza uelekee upande mwingine bila kukuarifu, kuna maeneo ya giza yasiyoonyesha ukuta wowote, na kuna mitego inayokuhamisha ghafla hadi sehemu nyingine huku ukuta ulio mbele yako ukibaki na sura ileile. Mchezaji huendelea kuchora kwa imani kamili, hadi mistari inapogongana na kumwonyesha kwamba alidanganywa miraba kumi iliyopita. Werdna, mchawi anayemsubiri kwenye tabaka la mwisho, na Trebor, mtawala aliyeibiwa hirizi, ni majina ya watunzi yaliyoandikwa kinyumenyume. Siri ndogo iliyowekwa hadharani, ambayo mtu huiona siku moja bila kutafuta na kujiuliza amepita mangapi mengine.

Mafumbo ya michezo hii yalipata lugha yao kamili mwaka 1987, kampuni ya FTL Games ilipotoa Dungeon Master kwa kompyuta za Atari ST. Mchezo huo ulikwenda kwa wakati halisi badala ya kupokezana zamu, na vitu vyake vingeweza kuokotwa, kuwekwa na kurushwa kwa kipanya. Ghafla handaki likawa mashine. Bamba la sakafuni hufungua mlango likilemewa na uzito; wenzo ukutani hufunga shimo; kitufe kidogo kama jiwe lililochomoza huondoa ukuta. Vipashio ni vichache, lakini kama maneno machache ya lugha, vinaweza kuunganishwa katika sentensi zisizokwisha. Msanifu mzuri wa mafumbo ya namna hii hufundisha kwa hatua. Kwanza anakuweka juu ya bamba, mlango unafunguka, unaondoka, mlango unajifunga, nawe unaelewa kwamba kinachotakiwa ni uzito wako. Katika chumba cha pili anaweka jiwe karibu na bamba. Katika chumba cha tatu bamba liko ng'ambo ya shimo, na unagundua kwamba jiwe linaweza kurushwa. Katika cha nne hakuna jiwe wala kitu kingine cha kurusha, ila kuna zimwi zito linalokufuata popote uendapo, na mtu aliyefuatilia somo tangu mwanzo hatimaye anaacha kulikimbia na kuanza kuliongoza.

Hatua hiyo ya nne ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu jibu lilikuwa mikononi mwa mchezaji muda wote. Hakuhitaji kukisia msanifu alikuwa akiwaza nini. Alihitaji kuamini kwamba kanuni alizofundishwa ni za kweli kila mahali. Pale fumbo linapodai jibu ambalo kanuni hizo hazilizai, mchezaji huacha kufikiri na kuanza kubahatisha, akibonyeza kila kitu juu ya kila kitu, na tangu hapo hata mafumbo ya haki huyaendea kwa bahati nasibu. Fumbo moja la dhuluma huharibu kumi yaliyo mema. Vitendawili vya maneno vina hatari hiyo zaidi. Katika The Bard's Tale ya mwaka 1985, vinywa vya kichawi vilimtega mchezaji vitendawili na kumtaka aandike jibu kwenye kibodi, na kitendawili, kama kila aliyewahi kutegwa anavyojua, huegemea maneno na mazoea ya watu wanaokitega. Kikitafsiriwa hupoteza nusu ya nguvu zake. Bamba la sakafuni halihitaji mkalimani.

Siri ina sheria nyingine. Mfano unaotajwa zaidi katika historia ya michezo hii ni ule wa Warren Robinett, aliyeunda mchezo uitwao Adventure kwa mashine ya Atari 2600, uliotolewa mwaka 1980. Wakati huo Atari haikuwa ikitaja majina ya waundaji wa michezo yake. Robinett alificha ndani ya ngome nyeusi nukta moja yenye rangi ileile ya sakafu, ukubwa wake pikseli moja tu. Mchezaji aliyeigusa kwa bahati, akaibeba hadi kwenye ukuta fulani, aliweza kupenya na kuingia katika chumba kilichoandikwa kwamba mchezo umeundwa na Warren Robinett. Hakumwambia mtu, na siri ilipofichuliwa alikuwa ameshaondoka kwenye kampuni hiyo. Kutokana na tukio hilo, siri za aina hii zilianza kuitwa mayai ya Pasaka. Kwangu mimi uzito wa kisa hiki uko katika jambo linalosahaulika kwa urahisi: ile siri ilikuwa pia hadithi. Mtu aliyeingia chumbani humo hakupata upanga wala dhahabu. Alikuta mtu, mfanyakazi aliyefutwa jina lake, akisema nilikuwa hapa.

Je, siri yaweza kuwa ya haki, ikiwa asili yake ni kutojitangaza? Naamini yaweza, na chombo bora cha haki hiyo ni ramani. Mchezaji anayechora, au anayetazama ramani inayojichora yenyewe, huona siku moja kwamba vyumba vyote vimekaa bega kwa bega isipokuwa mahali pamoja penye pengo la miraba minne. Hakuna sauti wala mwanga uliomwita. Pengo lenyewe ndilo dokezo, na uzuri wake ni kwamba limeumbwa na vitu vyote vinavyolizunguka. Madokezo mengine ni mepesi kidogo: nguzo zinazojirudia kwa mpangilio kisha mpangilio ukavunjika, kishikio cha mwenge kisicho na mwenge, jiwe lenye kivuli tofauti. Legend of Grimrock, iliyotolewa mwaka 2012 na kikundi kidogo cha Almost Human nchini Finland, huhesabu siri ulizopata na kukuonyesha jumla yake. Hesabu hiyo imenifikirisha sana, kwa kuwa inaibadili siri ikawa nusu fumbo: bado hujui iko wapi, lakini umekwishaambiwa ipo. Faida yake ni kwamba mchezaji hutazama kuta kwa makini zaidi. Hasara yake ni kwamba hapati tena ule mshtuko safi wa kukuta kitu ambacho hakuna aliyemwahidi.

Upande wa pili kabisa kuna The Tower of Druaga, mchezo wa Namco uliobuniwa na Masanobu Endo na kutolewa mwaka 1984 katika kumbi za michezo za Japani. Una ghorofa 60, na karibu kila ghorofa ina sanduku linalotokea tu mchezaji akitimiza sharti fulani, kwa mfano kuua maadui kwa mpangilio maalumu, huku mchezo wenyewe ukiwa hausemi lolote kuhusu sharti hilo. Baadhi ya vilivyomo kwenye masanduku hayo ni vya lazima ili kuumaliza. Kwa kipimo nilichotumia hapo juu huu ni mchezo wa dhuluma, na mtu aliye peke yake nyumbani anaweza kuuona hivyo. Lakini ukumbini hakuwa peke yake. Wachezaji walibadilishana walichogundua kwa mdomo na kwa daftari, mmoja akileta siri ya ghorofa ya saba, mwingine ya ishirini, na mnara ukafumbuliwa na umati. Kwa hiyo haki ya siri haipimwi ndani ya mchezo peke yake. Hupimwa pia kwa kuangalia ni watu wangapi wanaoitafuta pamoja. Dark Souls ya mwaka 2011 ilielewa jambo hilo. Inawaruhusu wachezaji kuachiana ujumbe mfupi sakafuni, wa kweli au wa uongo, na ndani ya kinamasi chake cha Blighttown kuna ukuta wa kiinimacho unaoficha sanduku. Wengi huchukua kilichomo na kuondoka wakiwa wameridhika, wasijue kwamba nyuma ya sanduku kuna ukuta wa pili wa namna hiyohiyo, na nyuma yake mti mkubwa ulio wazi ndani unaoshuka hadi kwenye ziwa lenye ufuo wa majivu. Eneo zima limefichwa nyuma ya zawadi iliyotosheleza. Sijui njia bora zaidi ya kuficha.

Sasa niingie kwenye hadithi, ambayo ndiyo sehemu ngumu. Handaki ni mahali pabaya pa kusimulia. Wakazi wake wengi wanataka kukuua, mchezaji hutumia saa nyingi katika mapigano, naye anaweza kuondoka mjini akiwa na swali na kurudi baada ya siku tatu akiwa amelisahau. Kwa muda mrefu suluhisho lilikuwa kuandika kisa kirefu katika kitabu cha maelekezo na kuliacha handaki likiwa bubu. Wasanifu werevu, hata hivyo, waligundua kwamba handaki lina jambo moja ambalo mwandishi wa riwaya hana, nalo ni kina. Kushuka ni kurudi nyuma katika wakati. Kilicho juu kimejengwa juzi, kilicho chini kimejengwa zamani, na kilicho chini kabisa ndicho kilichosababisha yote. Diablo ya mwaka 1996 inajengwa hivyo tangu mwanzo hadi mwisho: matabaka yake 16 huanzia ndani ya kanisa kuu la mji wa Tristram, yakashuka kwenye makaburi ya chini yake, kisha mapangoni, kisha jehanamu yenyewe. Mchezaji asiyesoma hata neno moja bado anaelewa kwamba uovu huu ulikuwapo kabla ya kanisa, na kwamba kanisa lilijengwa juu yake.

Ultima Underworld ya mwaka 1992, iliyoundwa na kikundi cha Blue Sky Productions chini ya Paul Neurath, ilikwenda mbali zaidi, nami naitaja kila ninapoulizwa ni mchezo gani uliounganisha mambo haya matatu mapema kuliko mingine. Handaki lake liliwahi kuwa koloni ya watu wema. Mtu aitwaye Cabirus alitaka jamii mbalimbali ziishi pamoja humo kwa kufuata fadhila. Alikufa, na mradi ukasambaratika. Mchezaji hafiki wakati wa ndoto hiyo. Anafika baadaye, na kuwakuta warithi wake wakiwa wamejitenga, kila kundi na korido zake na chuki zake, na kutokana na mpangilio wa makazi yao anakisia jinsi walivyogawanyika. Miongoni mwao wamo watu-mijusi wenye lugha yao wenyewe, ambayo mchezaji hana budi kuing'amua neno kwa neno. Hapa fumbo na hadithi vimekuwa kitu kimoja, maana kujifunza neno ni kufungua mlango, na kinachokuwa nyuma ya mlango huo ni mtu mwenye lake la kusema. Tena ramani yake, ingawa hujichora yenyewe, humruhusu mchezaji kuandika juu yake kwa maneno yake, na baada ya saa ishirini maandishi hayo yanakuwa kumbukumbu ya fikra zake: hapa nilidhani pana njia, huyu aliniongopea, rudi ukiwa na kamba.

Mbinu ya mabaki ndiyo iliyoenea zaidi tangu wakati huo. Katika Legend of Grimrock kuna karatasi zilizoachwa na mfungwa aliyetangulia, Toorum, nyingine zikidokeza siri zilizo karibu; mchezaji huanza kuzisoma kwa ajili ya faida, na bila kujua huanza kumjali aliyeziandika. Hidetaka Miyazaki, mwongozaji wa Dark Souls, amewahi kueleza kwamba utotoni alisoma vitabu vya njozi vya Kiingereza ambavyo hakuvielewa vizuri, na kwamba sehemu alizoshindwa kuzisoma alizijaza kwa mawazo yake. Mchezo wake unamweka mchezaji katika hali hiyohiyo: historia imetawanywa katika maelezo mafupi ya pete, panga na nguo, na aliyeiokota vipande vipande hulazimika kuishona mwenyewe. Njia hii ina gharama. Wako wanaomaliza mchezo bila kujua walimwua nani na kwa nini, na sioni sababu ya kuwalaumu. Hata hivyo anayeshona hupata kitu ambacho msimulizi hawezi kumpa, yaani hisia kwamba ukweli huo ni wake kwa kuwa aliufukua.

Kuna tawi moja la michezo hii linaloonekana kupinga yote niliyoyasema. Rogue, iliyoandikwa na Michael Toy, Glenn Wichman na Ken Arnold na kutoka mwaka 1980, hulijenga handaki upya kila inapochezwa, na mhusika akifa amekufa. Ikiwa hakuna aliyeupanga ukuta, ni nani aliyeficha kitu nyuma yake? Jibu ni kwamba siri ilihama kutoka mahali ikaenda kwenye kanuni. Dawa ya buluu ambayo jana ilikuponya leo inaweza kukupofusha, kwa sababu rangi huchanganywa upya, na magombo hayaonyeshi yanachofanya hadi yasomwe. Mchezaji hujifunza kutambua vitu kwa dalili badala ya sura. Hadithi nayo ilihama: ikawa ile ambayo mchezaji mwenyewe atawasimulia wenzake, ya jinsi alivyokunywa dawa asiyoijua akiwa amezingirwa, ikamwokoa. Miaka 40 baadaye, Hades ya mwaka 2020 iliyafanya mauti hayo kuwa uti wa masimulizi yake, maana kila mara mhusika mkuu anapokufa hurudi nyumbani kwa baba yake kuzimu, na huko mazungumzo husonga mbele.

Nimeuacha kwa makusudi mchezo mmoja hadi mwisho. Etrian Odyssey ya Atlus, iliyotoka mwaka 2007 kwa Nintendo DS, mashine ndogo ya mkononi yenye vioo viwili, ilirudisha penseli: kioo cha chini ni karatasi ya miraba, na mchezaji huchora kuta kwa kalamu ya kugusa. Anatumwa na mji ulioishi na kustawi kwa sababu ya msitu mkubwa wa chini ya ardhi, ambao wagunduzi kutoka kila upande huja kuupenya. Anachora tabaka la kwanza, la pili, la tatu, mstari kwa mstari, na anapofika la tano, kati ya mizizi anakuta majengo marefu yaliyobomoka, ya mji wa zama zetu. Ni Shinjuku, wilaya ya Tokyo, iliyozikwa. Ramani aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe inabadilika maana bila hata mstari mmoja kusogezwa. Kisha anagundua kwamba kiongozi wa mji uliomtuma hakutaka afike huko, kwa kuwa handaki lisilo na siri tena halitaleta wagunduzi, na mji usio na wagunduzi utakufa. Mchezaji anayemshinda na kufika mwisho wa hadithi bado ana tabaka la sita chini yake, ambalo hakuna aliyemwagiza kwenda, na linapofunguka, kioo cha chini huonyesha karatasi tupu.